Magunia tunayahesabu, masaa yetu hatuyahesabu: mwongozo kamili wa kuvuka msimu wa korosho ukiwa mzima na nyumba yako ikiwa salama

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, na yeyote anayefanya kazi inayokuja kwa msimu, hii naiandika mapema kabla mnada wa kwanza haujafunguliwa kwasababu msimu ukishaanza hakuna mwenye nafasi ya kusoma chochote. Nina mwaka wa 11 kwenye maghala, nilianza karani wa mizani, sasa nasimamia makarani 9 na zamu zao hapa Mtwara mjini. Nimeona watu wakiingia msimu wazima wakatoka na presha, nimeona ndoa zikivunjika mwezi wa kumi na mbili, na nimeona kwa macho yangu kwamba sehemu kubwa ya haya yanazuilika, tena kwa karatasi na kalamu tu.

Nianze na kisa kimoja ili uelewe natokea wapi. Msimu mmoja, ghala nililokuwepo wakati ule (sitalitaja), tulikuwa tunaingia saa moja asubuhi tunatoka saa tatu usiku, siku nyingine saa tano, malori yamepanga foleni mpaka barabarani na vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima vinapiga simu kila dakika. Tulikuwa siku ya 19 mfululizo bila kupumzika. Karani mwenzangu, kijana makini kuliko sisi wote, akaandika kwenye tiketi ya mizani kilo 8,640 badala ya 6,840. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake, niliiona ile kalamu inaandika, nikaisoma ile namba, nikagonga muhuri. Wawili tumeangalia kitu kimoja na hakuna aliyekiona. Siku tatu tukazitafuta kilo 1,800 ambazo hazijawahi kuwepo duniani, wakulima wa chama kile wakasubiri, na yule kijana akaitwa mwizi mbele ya makuli. Alilia kama mtoto. Hakuwa mwizi, alikuwa hajalala.

Ghalani gunia linahesabiwa getini, linapandishwa mizani, linachomwa bambo kutolewa sampuli, linapimwa unyevu, likihama hata hatua mbili linaandikwa. Mtu anayelibeba na mtu anayeliandika hakuna anayewahesabia kitu. Ndio maana mwongozo wangu wote unaanzia kwenye kuhesabu.

HATUA YA KWANZA: ANZISHA DAFTARI LA MASAA

Nunua kauntabuku ndogo, usitumie simu kwanza maana simu utaifungua kuandika masaa utakuta meseji 40 za kazini. Kila siku andika vitu vinne: saa uliyoingia, saa uliyotoka, mapumziko uliyopata kweli (sio yale yaliyobandikwa ukutani), na masaa uliyolala. Alafu ongeza na dakika zote ulizojibu simu za kazi ukiwa nyumbani, hizo watu huwa hawazihesabu kabisa na ndizo zinazokula usiku.

Fanya hivyo wiki mbili. Usibadilishe chochote, andika tu ukweli.

Nilipofanya mara ya kwanza mimi nilikuwa naamini nafanya kazi masaa 60 kwa wiki, ndio namba niliyokuwa nawaambia watu. Daftari likasema saa moja asubuhi mpaka saa tatu usiku ni masaa 14, toa saa moja ya kula yanabaki 13, mara siku 6 ni 78. Sabini na nane! Na hapo Jumapili sijaigusa. Nilikaa na ile namba jioni nzima, kwasababu mtu ukijua uchovu wako una namba unaacha kujiona mvivu, unaanza kuona kwamba kuna hesabu imekosewa mahali na hesabu inarekebishika.

HATUA YA PILI: IJUE SHERIA KWA NAMBA ZAKE

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ipo na imeandika mambo haya wazi, shida ni kwamba wengi tunaisikia kwa fununu. Masaa ya kawaida hayazidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, siku 6 za kazi. Ovataimu haizidi masaa 50 ndani ya wiki nne, na ukijumlisha kawaida na ovataimu siku moja isizidi masaa 12. Ukifanya kazi zaidi ya masaa 5 mfululizo una haki ya mapumziko ya dakika 60. Kati ya kutoka na kuingia tena kesho yake upate masaa 12 ya kupumzika, na kila wiki upate masaa 24 mfululizo ya kwako. Sasa rudi kwenye ile wiki yangu ya 78: ovataimu ilikuwa masaa 33 kwa wiki, ndani ya wiki nne ni 132, wakati kikomo ni 50.

Upande wa hela, ovataimu inalipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, siku ya mapumziko au sikukuu inalipwa mara mbili, na kazi ya usiku, yani kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, inaongezwa si chini ya asilimia 5 kwa kila saa. Kujua saa yako moja ina thamani gani, chukua mshahara wa msingi wa mwezi gawa kwa 195 (ni wiki 4.333 mara masaa 45). Mwenye 390,000 saa yake ni 2,000, ovataimu ni 3,000, ya sikukuu ni 4,000, na ya usiku inaongezeka 100. Iandike kwenye jalada la daftari lako, siku ya mshahara hutabishana na mtu kwa hisia, utabishana kwa namba.

Kina mama msikilize hapa. Mjamzito akibakiza miezi miwili kujifungua hapangiwi usiku, na aliyejifungua hapangiwi usiku ndani ya miezi miwili baada ya kujifungua. Anayenyonyesha ana haki ya mpaka masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi kwenda kunyonyesha. Likizo ya uzazi ni siku 84, mapacha siku 100. Nimeona wadada wa ghalani wanakamua maziwa chooni kwa kujificha kama wanaiba, inaniuma sana, jamani hiyo ni haki yenu imeandikwa.

Na vibarua wa siku msidhani sheria inawaruka, kibarua naye ana masaa yake. Wanaokaa nje ya vipengele vya masaa ni wale wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa wakuu, na hapo ndipo wasimamizi wengi tunapoumia kwasababu tunawapangia wenzetu mapumziko tukajisahau sisi.

Kuna kitu kimoja nataka ukiangalie kwa makini. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa utafiti wao wa pamoja wakasema anayefanya kazi masaa 55 au zaidi kwa wiki hatari yake ya kiharusi inapanda kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, ukilinganisha na anayefanya 35 mpaka 40. Sasa piga hesabu: 45 za kawaida, ongeza ovataimu yote inayoruhusiwa ambayo ni kama 12 na nusu kwa wiki, unapata 57 na nusu. Yani hata ukifuata sheria mpaka mwisho wake tayari umeshavuka pale. Kwahiyo zile 50 mimi nazichukulia kama akiba ya dharura, ambayo ukiitumia mwezi mzima, mwezi unaofuata unaiacha ipumzike.

HATUA YA TATU: ROSTA IANDIKWE KABLA YA LORI LA KWANZA

Hii ndiyo hatua yenyewe hasa, zilizobaki zote zinaisaidia hii. Mapumziko ambayo hayajaandikwa na jina lako pembeni hayapo. Mkisema "tutapumzishana kadri itakavyowezekana" haitawezekana hata siku moja, kuna meli inasubiri bandarini, kuna mnada Ijumaa, kuna mkulima wa Nanyamba amelala kwenye magunia yake, kila siku itakuwa na sababu yake nzuri.

Sisi tunafanya hivi. Kipindi cha kilele ghala linafanya kazi saa moja asubuhi mpaka saa tatu usiku. Zamu A inaingia saa moja asubuhi inatoka saa kumi jioni. Zamu B inaingia saa sita mchana inatoka saa tatu usiku. Kila mtu ana saa moja ya kula kwahiyo anafanya kazi masaa 8. Angalia kwamba saa sita mpaka saa kumi zamu zote mbili zipo, hiyo tuliipanga makusudi kwasababu malori ya Tandahimba, Newala na Masasi yakipakia asubuhi yanafika hapa mchana, ndio muda wa foleni. Na Ijumaa wanaume wa zamu A wanakwenda kuswali bila presha yoyote, zamu B imeshaingia, hakuna cha kukimbia msikitini na kurudi jasho linatiririka.

Makarani 9, siku 7. Kila siku anapumzika mmoja, isipokuwa Jumapili na Jumatano ambazo kwetu malori yanapungua, wanapumzika wawili. Jumlisha utaona kila mtu kapata siku yake moja. Masaa yanakuwa 48 kwa wiki, ovataimu 3, kwa wiki nne ni 12, zinabaki 38 za dharura, meli ikifika ghafla au mvua ikitukimbiza tunazo.

Kosa kubwa ambalo wapanga rosta wengi wanafanya, mtu anatoka zamu B saa tatu usiku anapangiwa zamu A kesho yake saa moja asubuhi. Hayo ni masaa 10 tu, na humo ndani kuna bajaji mpaka Mikindani, kuoga, kula, watoto, na kurudi. Atalala masaa matano akibahatika. Kubadilisha zamu kufanyike baada ya siku ya mapumziko tu, basi.

Sasa bosi utamwambiaje? Usiende na malalamiko, nenda na karatasi. Mimi nilikwenda mwezi wa nane kabla mambo hayajachanganya. Nikabisha, "Shikamoo mzee." "Marahaba mama, kuna nini tena?" Nikamwambia, "Mzee naomba dakika 10, nimekuletea tiketi za mizani tulizozifuta na kurekebisha msimu uliopita, zote zina saa." Nikazipanga mezani. Akazigeuza moja moja, nyingi ziliandikwa baada ya saa mbili usiku, akawa kimya, akaziangalia tena. Alafu akauliza, "Ukipanga hizo zamu mbili, karani wa kuongeza tunamtoa wapi?" Nikamwonyesha kwamba hakuna wa kuongeza, watu ni wale wale. Akasema tujaribu wiki mbili. Hatujarudi nyuma mpaka leo, na yule kijana wa kilo 1,800, ambaye alinifuata huku nilipohamia, ndiye anayeshika rosta ya zamu B, nami akiniona nimebaki na mafaili anakuja na daftari anasema "dada, masaa yako yameisha, yameandikwa hapa", na mimi naondoka.

Kama wewe sio msimamizi, huwezi kupanga rosta ya wote, ila unaweza kukaa na mwenzako mmoja mkalindana. Wawili mkikubaliana nani anatoka mapema siku gani na nani anashika meza, tayari mna rosta ya watu wawili. Wengi tulianzia hapo.

HATUA YA NNE: MWILI

Kwenye hili nitaenda haraka kwasababu mnajua, mnapuuzia tu. Kula kabla ya kutoka nyumbani, chai na mihogo au viazi, sio chai kavu ukisubiri wali wa mama ntilie saa nane. Chupa ya maji iwe na jina lako, joto la hapa kuanzia mwezi wa kumi na moja kaskazi ikishaanza sio la mchezo, na ndani ya ghala la bati ni zaidi. Vumbi la magunia ni baya kwa kifua, mwajiri atoe barakoa na ukipewa uivae. Karani asimame kila baada ya saa moja.

Makuli ndio nawaombea zaidi. Gunia la korosho linakaribia kilo 80, mtu anabeba mgongoni siku nzima kwa malipo ya kazi aliyoifanya, kwahiyo akipumzika anaona kama anajiibia mwenyewe. Wasimamizi tuwapangie mapumziko yanayofanana kwa kikosi kizima, lori moja likiisha dakika 15 wote chini, ili asiwepo anayepumzika peke yake huku mwenzake anaingiza hela. Na wale mabinti na kina mama wabanguaji kwenye viwanda, yale mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, glovu ni haki sio zawadi. Akiumia mtu kazini iandikwe siku hiyo hiyo kwenye kitabu cha ajali, maana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa ajili ya hayo, ajali ambayo haikuandikwa ni shida kuithibitisha baadae. Mazingira yenyewe yakiwa hatarishi, wanaokagua ni OSHA, yani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na taarifa unaweza kupeleka.

HATUA YA TANO: GRUPU LA WHATSAPP LA KAZI

Hapa nina msimamo mkali. Grupu la kazi likiachwa bila utaratibu linageuka kazi ya pili isiyolipwa. Mtu yuko kitandani saa tano usiku anasoma "nani alipokea lori la mwisho?", moyo unadunda, anajibu, usingizi umekatika, na swali lenyewe lingeweza kusubiri asubuhi. Ufaransa walifika mahali wakaweka kwenye sheria tangu mwaka 2017 kwamba kampuni zenye wafanyakazi kuanzia 50 zikae na wafanyakazi zijadiliane haki ya mtu kutoshika simu ya kazi nje ya masaa yake. Sisi hatuhitaji kusubiri bunge kwa hili, tumekubaliana wenyewe mambo matatu tu. Baada ya saa tatu na nusu usiku hakuna meseji kwenye grupu. Jambo la dharura kweli, yani moto, wizi, mtu kaumia, au ghala linavuja mvua inanyesha, unapiga simu, huandiki. Na aliye kwenye siku yake ya mapumziko haitwi jina kwenye grupu, swali lake linakwenda kwa aliyeshika meza yake.

Wiki ya kwanza watu wataandika tu, ni mazoea. Msimamizi usijibu. Jibu asubuhi saa moja kamili. Wakiona hujibu usiku wanaacha wenyewe.

HATUA YA SITA: NYUMBANI

Mwanangu alikuwa na miaka mitano ule msimu wa masaa 78. Jioni alikuwa anakaa kwa jirani, mama Zuhura, Mungu amlipe. Usiku mmoja nimefika saa nne, nimembeba kutoka kwenye mkeka wa jirani amelala, tunavuka uani akafumbua macho akaniangalia sana, akauliza, "Mama, leo Ijumaa?" Ilikuwa Jumanne. Ijumaa ndiyo siku pekee niliyokuwa napita nyumbani mchana, kwahiyo kwenye akili yake mama na Ijumaa vilikuwa kitu kimoja. Nililala na nguo za ghalani siku ile.

Tangu hapo nafanya hivi, na nakushauri ufanye. Kabla ya msimu kaa na wa nyumbani kwako wote, mume au mke, watoto wakubwa, na anayekusaidia, waeleze msimu unaanza lini, kilele ni lini, unaisha lini. Watu wanavumilia kitu chenye mwisho, wasichovumilia ni kutojua. Rosta yako itoe nakala ubandike karibu na jiko, mtoto anayejua kusoma aweke alama siku ya mapumziko yako. Alafu chagua mlo mmoja kwa siku ambao ni wenu. Zamu A mlo wetu ni usiku, zamu B ni asubuhi, hata kama ni uji tu, simu iko chumbani. Nusu saa kila siku inampa mtoto kitu ambacho Jumapili moja nzima kwa mwezi haimpi.

Kuhusu misiba. Sheria inatoa angalau siku 4 zenye malipo kwenye mzunguko wa likizo, kwa mtoto wako akiugua au kufariki, na kwa kifo cha mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Sasa angalia hiyo orodha utaona mjomba hayumo! Na sisi huku Kusini, Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, mjomba ndiye mwenye ukoo, mjomba akifariki huwezi kumwambia mama yako uko ghalani unapima unyevu. Ukienda bila ruhusa ni utoro, usipokwenda utaelezwa mpaka siku ya mazishi yako. Kwahiyo kwenye rosta yetu kuna ukurasa wa kubadilishana, mwenye msiba nje ya orodha ya sheria anashikiwa zamu na mwenzake, inaandikwa, anailipa ndani ya mwezi. Hakuna anayeomba kwa kupiga magoti. Jando na unyago mambo ya kupanga yale, tarehe inajulikana mapema, usimshtukize msimamizi wako siku mbili kabla.

Na kuna hela, tusidanganyane. Watu wengi wanaikimbilia ovataimu sio kwa kupenda, ni kwasababu mwezi wa kwanza kuna sare, daftari, viatu, na michango ya shule. Namuelewa kabisa mtu wa hivyo. Ninachomwambia ni apige hesabu mwezi wa sita, mahitaji ya shule ni kiasi gani, aanze kuyawekea kidogo kidogo tangu msimu wa ufuta, ili korosho ikifika ovataimu iwe ya kuongezea na sio ya kuokolea. Aliyeweka 15,000 kila mwezi kuanzia wa sita mpaka wa kumi na mbili ana 105,000, hizo ni ovataimu za masaa 35 ambazo hatazihitaji kwa mshahara ule wa mfano wetu.

HATUA YA SABA: JUA DALILI ZA KUISHIWA

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 waliliingiza hili la kuchoshwa kabisa na kazi kwenye orodha yao ya kimataifa ya magonjwa, ingawa walisema wazi sio ugonjwa bali ni hali inayotokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa. Wanasema ina pande tatu: nguvu zinaisha kabisa, moyo unajitenga na kazi yenyewe, na utendaji unashuka. Kwa lugha ya ghalani inaonekana hivi. Umelala masaa saba umeamka umechoka vilevile. Mkulima anakuuliza swali la kawaida unamjibu vibaya, wewe ambaye ulikuwa unawaita baba na mama. Unahesabu magunia mara tatu unapata namba tatu. Kichwa, mgongo, tumbo kila siku. Na kwa wanaume naomba mlitazame hili bila kukasirika, uraka (pombe ya mabibo) na bia za kila jioni "za kutoa uchovu" zikishakuwa haziwezi kukosekana, hapo uchovu umeshahamia sehemu nyingine.

Ukiona mbili tatu kati ya hizo zimekaa zaidi ya wiki mbili, hatua ya kwanza ni kulala, sio dawa, siku zako za mapumziko uzichukue zote. Pima presha. Hali isipopungua nenda hospitali, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi, mwambie daktari ukweli kuhusu masaa yako, lile daftari nenda nalo. Likizo ya ugonjwa kisheria ni siku 126 ndani ya miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, kwa cheti cha daktari. Mawazo yakifika mahali pa kuona bora usiwepo, usisubiri asubuhi, mwambie mtu usiku huo huo na akupeleke.

Kama wewe ndiye msimamizi, usimuulize mtu wako mbele za watu. Mchukue pembeni, muulize "umelala masaa mangapi jana?" Swali hilo linajibika. Ukimuuliza "uko sawa?" atasema niko poa.

HATUA YA NANE: WAKIKATAA

Anza kwa mazungumzo, yasiposaidia andika barua fupi yenye tarehe na namba kutoka kwenye daftari, baki na nakala iliyosainiwa kupokelewa. Kama mna chama cha wafanyakazi mpelekee mwakilishi wenu, asiende mtu mmoja mmoja. Afisa kazi wa mkoa yupo, nenda ukamuulize hata kabla ya kushtaki. Mwisho ni CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na hapa angalia muda: aliyeachishwa kazi ana siku 30 kupeleka shauri, malalamiko mengine kama madai ya ovataimu ni siku 60. Watu wengi wenye haki wanashindwa kwasababu walisubiri msimu uishe "ili wasiharibu uhusiano", wakaenda siku ya 90.

HATUA YA TISA: MSIMU UKIISHA

Siku ghala likipungua, kabla watu hawajatawanyika, kaeni nusu saa na madaftari yenu. Kila mtu aseme namba zake: wiki yake ndefu kuliko zote, siku alizokosa mapumziko, kosa alilolifanya akiwa amechoka. Andikeni nini kibadilike, mpelekee bosi wakati bado kila mtu anakumbuka. Mkingoja mpaka mwezi wa nane mtakuwa mmeshasahau maumivu.

Alafu likizo yako ya mwaka, siku 28 mfululizo zenye malipo, ijazie fomu hapo hapo. Wafanyakazi wa msimu nanyi muulize, kwasababu sheria haijawaacha nje ya likizo ya malipo. Usiseme utachukua baadae kidogo, huku kwetu ufuta unaanza kuingia mwezi wa tano, ukiisha zinafuata mbaazi, mbaazi hazijatoka ghalani wakulima wanapulizia mikorosho dawa ya salfa, zimebaki wiki chache korosho ianze kudondoka. Magunia ya ufuta yakishafika getini utaambiwa subiri kidogo, na hiyo kidogo ndiyo inayokufikisha kwenye korosho nyingine hujapumzika.